Chama kizima kinanisubiri mimi nishike simu

Kwako Mzee wa safu,

Pokea salamu kutoka upande wa Molo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, na ni meneja wa chama cha ushirika cha maziwa ambacho naomba nisikitaje. Tuko wafanyakazi 14 pamoja na walinzi.

Niliingia chamani miaka tisa iliyopita kama mpokeaji wa maziwa. Saa kumi na moja alfajiri, baridi ikikata masikio, nilikuwa nimeshasimama jukwaani nikifungua mikebe: nanusa, natia laktometa nijue kama yametiwa maji, nachanganya maziwa kidogo na alkoholi kwenye kichupa nione kama yataganda. Sijisifu, lakini mkulima wa kunipitishia maji hakuwepo. Meneja wa zamani alipostaafu, sasa ni miaka miwili, kamati ilikaa kikao kimoja tu ikanipa ofisi. Nilikabidhiwa ufunguo wa droo, mhuri na kitabu cha hundi. Maelezo mengine sikupata, na mimi sikuuliza kwa kuogopa wataona nimeshindwa kabla sijaanza.

Tangu siku hiyo naishi na simu sikioni. Dereva wa ruti ya juu amepata pancha: "Madam, nifanyeje?" Karani ana mkulima dirishani anayetaka advansi ya karo: "Madam, nimpe?" Sabuni ya kuoshea mikebe imekwisha: "Madam?" Alfajiri bado naenda jukwaani kupima mwenyewe, maana wakipima wao roho yangu haitulii. Likizo sijachukua tangu nipewe cheo.

Kuna mwenzangu tuliyekuwa naye mapokezi, tukigawana chapati moja na kikombe kimoja cha chai. Siku hizi anaingia saa mbili badala ya saa kumi na mbili. Nikimwuliza mbele ya wengine anacheka, "Kwani umeota mapembe?" Wote wanacheka, na mimi nacheka.

Mwenyekiti naye huwaamuru madereva bila kunipitia. Mwezi uliopita alimtuma dereva wetu mzee akamchukulie mbao Elburgon kabla hajamaliza ruti. Maziwa yakachelewa, wakulima wakanitukana mimi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na huyo mzee ana umri wa baba yangu, nitamkemeaje?

Mimi si mtu wa vita. Napenda watu wapatane. Kwa mfano, kuna siku kijana wetu wa zamu ya usiku alikuwa akisaidia mapokezi, akakataa mkebe wa mjumbe mmoja wa kamati kwa kuwa maziwa yaliganda kwenye alkoholi. Mjumbe akanipigia akifoka. Nikampigia kijana nikamwambia ayapokee tu, mambo yasifike mbali. Yakaisha hapo.

Sasa nije kwa lililonifanya nikuandikie. Jumamosi moja nilienda Vihiga, tulikuwa tunamzika shangazi ya mume wangu. Saa moja jioni, maziwa ya jioni yakiwa yamemiminwa tankini muda si mrefu na bado yana joto la ng'ombe, stima ikapotea. Kijana akawasha jenereta. Saa tatu dizeli ikaisha. Pesa za dharura ziko kwenye droo, ufunguo uko kwenye mkoba wangu, na simu yangu imezimika chaji kule matangani. Alinipigia mara kumi na tisa. Akampigia mwenyekiti, hakushika. Akampigia karani, karani akamwambia, "Ngoja meneja." Akangoja. Kituo cha mafuta kiko umbali wa kutembea kwa miguu na hufunguliwa usiku kucha. Stima ilirudi alfajiri.

Saa mbili asubuhi lori la kiwanda lilikuja, wakapima, wakakataa tanki zima. Lita 2,600. Mengine yalichukuliwa na wenye nguruwe, mengine yalimwagwa nikiyaona. Dizeli iliyotakiwa haifiki shilingi elfu nne.

Kamati imeamua kijana afutwe na hasara ikatwe kwenye mshahara wake wa mwisho na chochote anachotudai. Wameniandalia barua, inasubiri sahihi yangu. Sijalala. Je, nitie sahihi? Au nijiuzulu mimi, niombe kurudi jukwaani nilikokuwa na furaha? Jirani yangu ananishauri nikasomee uongozi kwanza. Ada si kidogo, na sijui kama darasa linaweza kumfundisha mtu kuwa mkubwa.

Wako,
Meneja kwa Jina Tu, Molo


Dada wa Molo,

Poleni na msiba, na pole kwa maziwa.

Hiyo barua usiitie sahihi. Naanza na hilo kwa sababu nazijua kamati zetu: hasira ikiwa bado ina moto, kikao huitwa kesho yake. Waambie kwa upole kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ambaye yeye mwenyewe amemchagua, kisha asikilize utetezi wao. Barua iliyoandikwa kabla mtu hajasikilizwa ni kesi mnayoshindwa mapema. Kuhusu kumkata mshahara, kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kusudi la mfanyakazi. Kwa kusudi, dada. Huyu alikesha akipiga simu. Mtu aliyekusudia kuharibu maziwa angelala.

Lakini hata sheria ingewaruhusu, bado ningekuzuia. Umenisimulia habari ya mkebe wa mjumbe kwa haraka kama mtu anayepita kwenye matope, ukamaliza kwa "yakaisha hapo". Hayakuisha hapo. Siku ile kijana alifanya kazi vile ulivyomfundisha. Maziwa yaliganda, akakataa, hakuangalia mkebe ni wa nani. Wewe ukamwonyesha kwamba kichupa hakina neno mpaka meneja aseme. Usiku wa Jumamosi alikuwa na swali jepesi kuliko lile, kwani dizeli imekwisha na inapouzwa anapajua, naye akafanya vile vile alivyojifunza kwako: akasubiri meneja aseme. Una mwanafunzi msikivu sana.

Karani naye alisema "ngoja meneja". Sina shaka mlinzi pale langoni angejibu hivyo hivyo. Watu 14, na akili ya kuamua imefungiwa kwenye mkoba mmoja uliokuwa Vihiga.

Sikuandikii haya nikiwa nimekaa juu ya mti. Nilianza kazi kama karani wa mizani kwenye kituo cha kupimia miwa huku Magharibi, enzi ambazo matrekta yalipanga foleni mpaka barabara kuu. Nilipofanywa mkubwa wa kituo, kalamu sikuiachia. Karani mpya akiandika uzito, mimi namchungulia begani. Akikosea tarakimu, namnyang'anya kitabu naandika mwenyewe, haraka, kwa mwandiko mzuri. Nilijiona mchapakazi. Kisha malaria ikanilaza siku nne. Niliporudi, matrekta yalikuwa yamesimama, miwa inakauka juani na kila saa inapoteza uzito na utamu, na makarani wangu wawili wamekaa chini ya mwembe. "Tulikuwa tunakungoja, bosi." Mmoja wa wakulima walioumia siku zile baadaye akawa mkwe wangu. Kila Krismasi hunikumbusha.

Wala usidhani ni ugonjwa wa vyama vya mashambani. Mwaka 2002 waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, waliwaondoa mameneja wa wahandisi wao wakiamini kazi ingeenda mbio zaidi. Jaribio hilo lilidumu miezi michache tu. Watu walianza kumfuata Page mwenyewe na risiti za matumizi na ugomvi wao wa ofisini, yaani kampuni ile nayo ikaanza kusema "Madam?" Miaka kadhaa baadaye kampuni hiyo hiyo ikachunguza meneja mzuri anatofautiana na mbaya kwa lipi, zikapatikana sifa nane. Ya kwanza ilikuwa kuwa mlezi wa watu wake kikazi, kuwakuza waweze. Ujuzi wa ufundi wenyewe nao ulikuwemo, lakini ulikuwa wa nane, mkiani. Nakuletea habari ya mbali hivi kwa sababu wewe ofisi ulipewa kwa ajili ya pua yako.

Sasa la kufanya. Kwanza kaa na kijana, ninyi wawili, na usimwulize kama polisi. Mwulize, "Ungekuwa na ufunguo, ungefanya nini?" Nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Kisha umwambie, na siku nyingine uyarudie mbele ya wote waliosikia simu ile, kwamba mkebe wa mjumbe ulikuwa wake kuukataa na wewe ulikosea kumwingilia. Haya maneno yatakukwama kooni, najua. Kwenye taarifa ya kamati andika wazi: ufunguo niliondoka nao mimi, na sikuacha mtu wa kuamua. Huenda wakakuandikia onyo. Lipokee. Onyo lako kwenye faili ni nafuu kuliko kijana wa watu kulipa miezi ya jasho kwa kosa la utaratibu ambao haukuwepo.

Baada ya hapo, chukua karatasi moja kubwa. Ita watu wa kila zamu uwaulize: ni mambo gani mmekuwa mkinipigia simu ilhali jibu mnalijua? Watacheka, halafu watasema, na utashangaa orodha ilivyo ndefu. Kila jambo litafutieni mahali kwenye karatasi. Kuna yale ambayo mwenye zamu anaamua, anafanya, anaandika kitabuni. Kuna anayofanya halafu anakuarifu siku hiyo hiyo. Na kuna ambayo hafanyi kabla hajakuuliza. Penye pesa wekeni kiwango kwa shilingi, msiandike "kiasi cha kufaa", kwa sababu kiasi cha kufaa ndicho kilichomfanya karani aseme ngoja meneja. Dizeli ya jenereta hadi shilingi elfu tano, ananunua mwenye zamu na kuweka risiti. Pancha ni ya dereva. Advansi ya mkulima ni ya karani, mradi haizidi nusu ya thamani ya maziwa aliyokwisha kuleta mwezi huo; ikizidi, ije kwako. Kuajiri, kufuta na hundi vibaki kwako na kwa kamati. Pesa za dharura ziwe na kisanduku chao chenye ufunguo unaopita kutoka zamu hadi zamu, zinahesabiwa na wote wawili, anayetoka na anayeingia, na sahihi zinawekwa.

Kukataa maziwa ni kwa mpokeaji. Hapo usiongeze neno lingine lolote, wala "kwa kushauriana na". Mkebe uwe wa mwenyekiti, uwe wa mjumbe, uwe wa mama yako mzazi. Mkulima asiyeridhika ana haki ya kuona kipimo kikirudiwa mbele yake kwa kichupa kingine, na yakiganda tena anarudi nayo nyumbani.

Karatasi ipeleke kwa kamati iipitishe na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kwa kuwa inagusa pesa za wanachama. Kisha ibandike ukutani karibu na tanki. Ikibaki ofisini kwako itakuwa ni ufunguo mwingine ndani ya mkoba.

Halafu, dada, patatokea kosa. Utasikia kijana amenunua dizeli ya elfu nne na dakika kumi baadaye stima imerudi. Siku hiyo wafanyakazi hawatasoma karatasi, watasoma uso wako. Ukikunja uso, wote 14 watarudi kwenye simu kabla ya jua kuchwa. Mwambie ameamua vizuri kwa alichokijua saa ile, dizeli haiozi, na mwendelee na kazi. Mwenye kuiba ni habari nyingine, na mwenye kurudia uzembe ule ule mara tatu ni habari nyingine pia. Lakini aliyeamua kwa nia njema ndani ya mipaka yake mlinde, hata mbele ya kamati.

Kuhusu hilo la kwamba "wakipima wao roho yangu haitulii": naamini kweli unapima vizuri kuwashinda. Swali ni umewapa nini cha kupimia zaidi ya chombo. Chukua mfano unaoujua vizuri kuliko mimi. Laktometa imetengenezwa isome sawasawa maziwa yakiwa na joto la nyuzi 20. Maziwa yenye joto la ng'ombe ni mepesi zaidi, chombo kinazama, kinasoma chini, na mpokeaji mgeni anamwambia mkulima mwaminifu kwamba ametia maji. Ukifika ukasema tu "pokea hayo", umeokoa mkebe mmoja na umemfedhehesha kijana. Ukichota maziwa hayo hayo, ukapima, ukayaacha yapoe, ukapima tena naye akiangalia namba inavyopanda, hutaitwa tena kwa jambo hilo. Inachukua nusu saa. Wewe unaona nusu saa huna, kwa sababu uko jukwaani kila siku ukifanya kazi yake. Nenda siku moja kwa wiki, usichague siku ile ile, na uende ukiwa umefunga mikono nyuma. Siku zilizobaki, keti na mtu mmoja mmoja kwa dakika ishirini: kazi inaendaje, nini kinakukwamisha, unataka kujua nini usichokijua. Andika anachosema, kwa sababu akikuambia mara ya pili jambo ulilosahau, hatakuambia mara ya tatu.

Rafiki yako wa chapati. Umemkosea kwa kumwuliza mbele ya watu, naye amekukosea kwa kukujibu vile. Mwite peke yake, si kwenye chai. Usimwambie "siku hizi unachelewa sana", atabisha. Mtajie Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa aliyoingia, na nani alibeba kazi yake. Umwulize kuna nini nyumbani, maana huenda kipo. Kisha mkubaliane saa, na mkishakubaliana, kuchelewa kwa mara ya pili kunaandikwa. Urafiki unaweza kufa hapo. Nimepoteza mmoja hivyo, na mwingine alibaki mpaka leo, sikuweza kujua mapema ni yupi atakuwa yupi.

Kwa mwenyekiti usiende na ile methali yako ya manahodha, utamkasirisha bure. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye kauli ya juu. Kamati inachaguliwa nao isimamie mambo kwa niaba yao, nayo ndiyo inayomwajiri meneja wa kuendesha kazi za kila siku. Mwenyekiti ana nguvu akiwa kikaoni. Akiwa uani pamoja na dereva ni mkulima kama wengine, ila mwenye sauti kubwa. Mtembelee nyumbani kwa heshima zake, umweleze lile tukio la mbao limewagharimu nini wakulima waliompigia kura, hapo ndipo utaona masikio yake yamesimama. Halafu kikao kipitishe kwamba maagizo kwa madereva yanapitia ofisini, na magari ya chama yasitumike kwa shughuli binafsi.

Yule mzee dereva ndiye atakayekuokoa hapa, na wewe unafikiria kumkemea! Mfuate kabla ya kikao. "Mzee, naomba ushauri wako: mwenyekiti akikutuma, tumjibuje bila kumvunjia heshima?" Atakupa sentensi ambayo mimi na wewe hatungeitunga, kitu kama "Sawa mwenyekiti, ngoja nimjulishe meneja aniandikie safari." Wazee wa usukani wamezoea kukataa bila kusema hapana. Ukimpa nafasi ya kukufundisha hilo moja, mengine mengi atayatii bila kuambiwa mara mbili.

Darasa sasa. Ndiyo, uongozi hufundishika, kama ulivyofundishwa kupima maziwa, na hakuna aliyezaliwa na laktometa mkononi. Ila usikimbilie cheti kabla ya karatasi ile ya ukutani, kwa kuwa utakaa darasani huku simu ikikuita nje kila robo saa. Na ada isitoke mfukoni mwako. Kati ya kanuni saba za ushirika zilizotangazwa na muungano wa vyama vya ushirika duniani mwaka 1995, ya tano ni elimu na mafunzo kwa wanachama, viongozi wa kuchaguliwa, mameneja na wafanyakazi. Kamati yako ikikusomesha haijakufanyia hisani. Mwulize pia karani kama chama kinalipa ushuru wa mafunzo kwa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA: ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, kwa watu 14 ni shilingi 8,400 kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa anaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, mradi ombi liende kabla ya mafunzo kuanza. Wengi hulipa miaka nenda miaka rudi bila kudai hata senti. Mambo ya usimamizi wa ushirika yanafundishwa Chuo Kikuu cha Ushirika kule Karen, Nairobi. Na hapo karibu nanyi, Naivasha, kuna taasisi ya mafunzo ya maziwa. Huko ningempeleka kijana wako kabla yako. Angalia kamati itakavyokutazama ukilisema hilo!

Kujiuzulu? Kurudi jukwaani si aibu. Nimemwona mtu akirudia kazi ya mikono yake na mwili ukanawiri. Lakini usiikimbie kazi ambayo bado hujaifanya. Kwa miaka miwili umekuwa mpokeaji mwenye ofisi. Jipe miezi sita ya kuwa meneja, ndipo ujiulize kama unaipenda.

Katika hiyo miezi sita kuna likizo. Sheria inakupa siku 21 za kazi zenye malipo kwa kila mwaka, na wewe hujaigusa hata moja. Karatasi ikishakaa ukutani mwezi mzima, chukua tano, ziwe za kupumzika, si za msiba. Ufunguo wa kisanduku mkabidhi kijana yule yule wa usiku mbele ya wenzake, kwa kitabu na sahihi. Simu iwe na chaji, lakini kila atakayepiga mjibu swali moja tu: "Karatasi inasemaje?" Siku ya kwanza watapiga wote. Ya tatu atapiga karani peke yake, makarani ndio wagumu. Na stima ikipotea ukiwa kwa wakwe zako Vihiga, mguu juu ya mguu na chai mkononi, niandikie unieleze alinunua lita ngapi.